Mabawa ya Kumbikumbi na Jiwe la Kijani

Mvua ya kwanza ilinyesha mtaa wa Jericho, Nairobi, jioni nzima. Asubuhi Mbinya alipofungua mlango, alikuta kizingiti kimejaa mabawa. Yalikuwa mabawa ya kumbikumbi. Wadudu wenyewe hawakuwepo. Wengine walikuwa wameingia ardhini, wengine wameliwa na kuku wa jirani. Mabawa tu ndiyo yaliyobaki, yamelowa na kushikamana na saruji.

Mbinya alishika ufagio. Kisha akauweka chini. Aliinama, akaokota bawa moja na kuliinua kuelekea jua.

"Baba Mumo, hebu njoo uone," aliita.

Mume wake, Muthama, alitoka na kikombe cha chai. Muthama ni mchongaji wa vinyago. Kila siku anachonga twiga na vifaru kwenye banda la wachongaji. Si mtu wa kushangazwa na mdudu.

"Ni kumbikumbi," alisema.

"Najua ni kumbikumbi. Tazama mishipa yake."

Muthama alitazama. Bawa lilikuwa jembamba kuliko karatasi. Ndani yake kulikuwa na mistari midogo iliyotoka kwenye shina moja na kugawanyika, kama mito inavyogawanyika kwenye ramani. Jua lilipopita ndani yake, bawa liling'aa rangi ya asali, kisha zambarau, kisha kijani.

Muthama alilichukua bawa kiganjani.

"Huyu huruka mara moja tu maishani," alisema. "Akishatua anayaangusha. Kumbe alipewa kitu kizuri hivi cha kutumia mara moja."

Mbinya aliyafuta mabawa machache kwa kitambaa, akayaingiza nyumbani na kuyaweka mezani. Meza hiyo iko karibu na dirisha. Hapo ndipo anapofanya kazi yake.

Mbinya anatengeneza mapambo ya kuvaa. Anatengeneza vipuli, mikufu na bangili. Ananunua shaba iliyotokana na mifereji mikuukuu na kufuli zilizovunjika. Mafundi huiyeyusha na kuipiga ikawa bati jembamba. Yeye huchora umbo juu ya bati, hulikata kwa msumeno mwembamba kama uzi, kisha hulipiga tupa mpaka liwe laini. Maumbo yake yote anayatoa kwenye vitu anavyoviona. Ametengeneza majani ya mwarobaini, maganda ya mbegu za mjakaranda, na hata utando wa buibui wa nyuma ya choo.

Siku hiyo alichora bawa la kumbikumbi.

*

Vipuli vya kwanza vya mabawa vilinunuliwa upesi. Aliyevinunua alimwonyesha rafiki yake, Nzisa. Nzisa ni karani katika ofisi moja kule Makadara. Alikuwa anajiandaa kuolewa. Jumamosi moja alikuja kwa Mbinya, akakaa kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimoja tu.

"Nataka seti nzima ya harusi," Nzisa alisema. "Mkufu, vipuli na pambo la nywele. Nataka mabawa hayahaya. Mama yangu anasema nitavaaje mdudu siku ya harusi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia kumbikumbi nao huruka siku ya harusi yao. Wanatoka ardhini, wanaruka, wanapata wenzao. Akacheka."

Mbinya naye alicheka. Alileta kijaluba chake cha mawe na kukimwaga juu ya kitambaa cheusi. Mawe madogo ya kijani yalitawanyika.

"Tunaweza kuyajaza haya kwenye bawa," alisema. "Kila mahali mshipa unapogawanyika, tunaweka jiwe."

Nzisa aliinama. Alikaa hivyo kwa muda, bila kuyagusa.

"Ni mazuri," alisema polepole. "Yanatoka wapi?"

"Kuna jamaa huniletea."

"Sawa. Lakini yeye anayatoa wapi? Watu wataniuliza siku hiyo. Nataka niwajibu."

Mbinya aligeuza jiwe moja kwa kidole. Kwa muda wote aliofanya kazi hii, alikuwa amejua shaba yake inatoka wapi. Alimjua hata fundi anayeiyeyusha. Lakini kuhusu mawe, alimjua tu anayemletea.

"Nitamuuliza," alisema.

*

Jamaa mwenyewe alikuwa Munene. Munene ni dalali wa mawe. Anazunguka kwa mafundi wa mapambo, kuanzia Kariokor hadi Kayole. Alipopita kwa Mbinya wiki hiyo, alisimama mlangoni kama kawaida yake.

"Niaje, Mama Mumo. Nimekuletea mzigo safi."

"Karibu, Munene. Kwanza nikuulize. Haya mawe ya kijani yanachimbwa wapi?"

"Pande za Voi."

"Voi ni kubwa. Wapi hasa? Nani anachimba?"

Munene alitabasamu. "Mama Mumo, hata sukari unayotia kwenye chai hujui ilivunwa na nani. Jiwe ni jiwe. Kama unataka, chukua. Kama hutaki, kuna wengi wanaotaka."

Mbinya alichukua machache, kwa sababu kazi ya Nzisa ilikuwa imeshaanza. Lakini Munene alipoondoka, Mbinya hakutulia. Usiku alimweleza Muthama.

"Mimi huulizwa kuhusu mti kila siku," Muthama alisema. "Nikisema ni mwembe uliozeeka usiozaa tena, mnunuzi anafurahi. Nikisema ni mpingo, ananiuliza ulikatwa wapi. Mti una mahali ulipoota. Jiwe nalo lina mahali. Kwa nini usimwone Bi Sundus?"

Bi Sundus ni jirani yao, nyumba ya tatu kutoka kona. Alizaliwa Voi. Marehemu baba yake, Mzee Muhidin, alikuwa mkataji wa vito, na ndiye aliyemfundisha kazi hiyo. Sasa ana karakana ndogo Makadara, nyuma ya duka la vioo.

*

Kesho yake Mbinya alimkuta Bi Sundus karakanani, amevaa barakoa nene juu ya buibui, akisaga jiwe kwenye gurudumu. Maji yalikuwa yanadondoka juu ya gurudumu bila kukoma.

"Assalaam aleikum, Bi Sundus."

"Waaleikum salaam, Mama Mumo. Ngoja nizime. Usisogee karibu bila barakoa."

"Hayo maji ni ya nini?"

"Ya kulaza vumbi. Vumbi la jiwe ni hatari, mwanangu. Ukilivuta miaka mingi linakaa kwenye mapafu na halitoki. Jiwe husagwa likiwa limelowa. Nawe ukitoboa mawe yako nyumbani, toboa ndani ya bakuli la maji."

Mbinya alikumbuka jinsi alivyokuwa akitoboa mawe mezani, karibu na kitanda cha mtoto. Alitikisa kichwa.

"Nilikuwa sijui," alisema.

"Sasa umejua. Nionyeshe ulichokileta."

Mbinya alimwaga mawe. Bi Sundus aliyatazama moja moja kwa lenzi ndogo. Aliyagawa mafungu mawili. Fungu la pili lilikuwa dogo. Akamwita Mbinya karibu na taa.

"Tazama hili la fungu dogo. Unaona nini ndani?"

Mbinya aliweka lenzi kwenye jicho. "Naona vitone. Vya mviringo. Kama povu la soda."

"Hicho ni kioo. Kioo kikiyeyushwa, hewa hubaki ndani na kufanya povu la mviringo. Amekuuzia chupa, mama. Sasa tazama hili la fungu kubwa."

Mbinya alitazama.

Ndani ya jiwe hakukuwa na povu. Kulikuwa na kijani kilichoenda mbali, kama mtu anayetazama ndani ya kisima na kukuta msitu. Nyuzi nyembamba zilipita kati yake. Chembe nyeusi zilielea ndani, zimesimama palepale. Alipogeuza jiwe kidogo, mwanga uliwaka upande mmoja, ukazimika, ukawaka upande mwingine. Alikuwa ameyashika mawe kama hayo mara nyingi. Hakuwahi kuingia ndani yake.

"Bi Sundus," alisema kwa sauti ndogo. "Nani aliweka haya humu?"

"Mwenyezi Mungu, kwa moto na uzito. Hii ni tsavoraiti. Imepewa jina la Tsavo kwa sababu inapatikana kule kwetu. Jiwe hili ni la kweli, na ni zuri." Bi Sundus aliliweka chini. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Ila hizi chembe nyeusi nyingi hivi hazinifurahishi. Kuna shimo moja lilikuwa likitoa mawe ya namna hii. Kuapa siwezi. Lakini shimo hilo lilifungwa baada ya kuua mtu."

"Sasa nifanyeje?"

"Mwezi ujao ninakwenda kununua mawe kwa kikundi cha akina mama wachimbaji. Twende pamoja. Jiwe halisemi, lakini watu wa huko watasema."

*

Walisafiri kwa basi hadi Voi. Kutoka hapo walichukua pikipiki mbili, wakaingia nyika ya udongo mwekundu na vichaka vya miiba. Jua lilikuwa kali. Mwisho wa njia kulikuwa na paa la mabati, meza ya mbao na bendera iliyochakaa.

Mwanamke mrefu alikuja kuwapokea. Alikuwa amevaa kofia ngumu ya njano na lesso kiunoni. Jina lake ni Kavutha. Ndiye mwenyekiti wa kikundi.

"Karibuni. Kunyweni maji kwanza," alisema. "Kisha mvae kofia. Hapa hakuna anayeshuka bila kofia, hata awe nani."

Aliwapeleka kwenye shimo. Mbinya alikuwa akidhani ataona tundu la kutisha. Aliona ngazi imara. Kuta za udongo zilikuwa zimezuiwa kwa magogo manene. Bomba lilikuwa likipeleka hewa chini.

"Kila tukisonga mbele hatua chache, tunaweka magogo mengine," Kavutha alieleza. "Kwanza magogo, ndipo nyundo. Watoto hawaruhusiwi hapa, hata kubeba mchanga. Tuna kibali cha wachimbaji wadogo. Na tukimaliza shimo tunalifukia."

"Kwa nini mlifukie kama mmeshapata mawe?"

"Kwa sababu ya mbuzi, na watu wanaopita gizani, na ndovu. Mwaka juzi mtoto wa ndovu alitumbukia kwenye shimo lililoachwa wazi. Mama yake alikaa pale akilia siku nzima. Ukisikia sauti ile huwezi kuacha shimo wazi tena."

Walisimama ukingoni mwa paa la mabati, juani. Kavutha alileta karai lenye mawe ya kijivu, makubwa kama ngumi, yenye mikunjo na matundu.

"Tunayaita viazi," alisema. "Vinafanana, sivyo? Tsavoraiti hukaa ndani ya kiazi. Lakini si kila kiazi. Vingi ni vitupu."

Aliweka kiazi juu ya jiwe bapa, akakipiga nyundo. Kilipasuka. Ndani kulikuwa na kijivu tu. Akapiga cha pili. Ndani kulikuwa na unga mweupe. Wanawake wengine waliacha kazi zao wakasogea. Ingawa walikuwa wameona jambo hili mara nyingi, walisogea.

Kavutha alipiga cha tatu.

Kijani kilitokea. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama punje chache za mahindi, zimebanwa katikati ya kijivu. Lakini jua lilikipata, na kijani hicho kiliwaka kama kitu kilicho hai. Mwanamke mmoja alimshukuru Mungu taratibu, "Asante, Ngai."

Kavutha aliweka kiazi kilichopasuka kwenye viganja vya Mbinya.

"Wewe ni miongoni mwa watu wa kwanza kuliona," alisema. "Tangu liumbwe."

"Limekaa humo muda gani?" Mbinya aliuliza.

"Wataalamu wa miamba wanasema zaidi ya miaka milioni mia tano," Bi Sundus alijibu. "Kabla ya mti wa kwanza. Kabla ya mdudu wa kwanza mwenye mabawa."

Mbinya alijaribu kuwaza muda huo, akashindwa. Alijikuta amekaa chini, kwenye vumbi, na gauni lake zuri. Jiwe hili lilikuwa kijani wakati dunia haijawa na jani hata moja. Lilikaa gizani muda wote huo. Na sasa lilikuwa mikononi mwake, likiwa bado baridi.

Hakuna aliyemharakisha.

*

Alipoinuka, alitoa kijaluba chake. Alimwonyesha Kavutha mawe ya Munene.

Kavutha aliyatazama. Hakuyashika.

"Njoo," alisema.

Walitembea hadi kwenye ua wa miiba. Ndani ya ua, ardhi ilikuwa imebonyea kama bakuli kubwa. Nyasi kavu zilikuwa zimeota juu yake.

"Hapa ndipo mume wangu alipo," Kavutha alisema. "Muindi. Walikuwa wanachimba bila magogo. Dalali alikuwa anawataka waharakishe. Udongo ulishuka asubuhi. Tulichimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Wenzake wawili tuliwatoa. Yeye hatukumfikia."

Mbinya alimsogelea. Alisema, "Pole sana, dada."

"Nimeshapoa. Tazama kule."

Upande wa pili wa ua kulikuwa na tundu jipya, dogo, kama la nguchiro. Kando yake palikuwa na ndoo na kamba. Waliposogea, kijana mmoja alitambaa nje, tumbo chini. Alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi nyusi. Alikohoa kwa muda kabla ya kuweza kusalimia.

"Huyu ni Nzivo," Kavutha alisema. "Anaingia ubavuni mwa shimo lilelile. Nimemwambia mpaka nimechoka."

"Shikamoo," Nzivo alisema.

"Marahaba. Nzivo, unamuuzia nani mawe?" Mbinya aliuliza.

"Jamaa wa Nairobi. Munene. Huja kila mwezi."

Mbinya alikibana kijaluba kiganjani. Alitazama lile tundu. Halikuwa na gogo hata moja.

"Huogopi humo ndani?"

Nzivo alijipangusa macho. "Naogopa kila siku, mama. Lakini Munene hajawahi kuniuliza naingia vipi. Na wanaonunua kwake hawajawahi kumuuliza. Basi naingia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mbinya alitamani angesema kwa hasira.

"Sasa, nikiacha kununua, huyu kijana atakula nini?" Mbinya alimuuliza Kavutha walipokuwa wakirudi.

"Hilo ndilo swali zuri," Kavutha alisema. "Mimi sikatai mawe. Nakataa shimo la namna ile. Usikimbie kabisa. Nunua, lakini uliza. Uliza limetoka shimo gani. Uliza kama lina magogo na hewa. Uliza kama watoto wamechimba. Uliza aliyechimba alilipwa mbele ya nani. Hapa kwetu mzani unawekwa juu ya meza, kila mtu anauona. Wanunuzi wakiuliza hivyo, hata Munene atalazimika kutafuta majibu. Na Nzivo ataona faida ya kuja upande huu."

Siku hiyo Mbinya alinunua punje za kiazi kile kimoja. Zilipimwa mezani, mbele ya wote. Zilikuwa chache, lakini hakuweza kununua zaidi.

*

Aliporudi Nairobi, jambo gumu lilikuwa Nzisa. Mabawa mawili ya mkufu yalikuwa tayari, yamejazwa mawe ya Munene. Harusi ilikuwa imekaribia.

"Unaweza kunyamaza," Muthama alisema. Halafu akaongeza, "Lakini najua huwezi."

Mbinya alimkuta Nzisa wakati wa chakula cha mchana. Alimweleza yote: vioo, ua wa miiba, tundu, Nzivo na vumbi lake. Nzisa aliacha kula.

"Kwa nini unaniambia leo?" aliuliza. "Kadi zimeshatolewa. Ungeniambia baadaye."

"Uliniuliza yanatoka wapi. Sasa najua."

Nzisa alisukuma sahani. Alikaa akiangalia nje ya dirisha. Mbinya aliona machozi, na hakujua kama ni ya hasira au ya nini.

"Siwezi kuvaa hayo," Nzisa alisema mwishowe. "Nikiyavaa nitakuwa namwona huyo kijana. Una mengine?"

"Machache sana. Hayatoshi kujaza mabawa."

"Basi usiyajaze."

Mbinya alirudi nyumbani na maneno hayo. Aling'oa mawe yote ya zamani kutoka kwenye mabawa. Kesho yake aliyapeleka kwa Bi Sundus, pamoja na vile vioo, ili awe anawafundishia mafundi wengine tofauti. Kisha alikaa mezani na mabawa matupu ya shaba.

Alijaribu hivi na vile. Alikata tena bati, safari hii akiondoa shaba yote kati ya mishipa, ili mishipa yenyewe tu ibaki. Ilikuwa kazi ya msumeno, ya kushika pumzi. Mara mbili bawa lilivunjika, akaanza upya. Bi Sundus alikata zile punje za Kavutha, akaziacha ndogo ili zisipoteze rangi. Mbinya akaweka jiwe moja tu kwenye kila pambo, mahali bawa linapoungana na mwili, akalishika kwa kucha nne ndogo za fedha.

Alipolitundika dirishani, Muthama aliacha alichokuwa akifanya. Sasa hewa ilikuwa inapita kwenye mabawa, na mwanga pia. Jua liligonga jiwe, na kijani kikatambaa kwenye mishipa ya shaba mpaka ncha.

"Ulikuwa umelifunika," Muthama alisema. "Yale mawe mengi yalikuwa yamelifunika bawa."

Munene alipokuja tena, Mbinya hakumfukuza. Alimkaribisha ndani, akampa chai, akamweleza alipokwenda na aliyemwona. Munene aligeuza kikombe mikononi.

"Mimi sichimbi, Mama Mumo. Mimi nauza tu."

"Hata mimi sikuchimba. Lakini nilinunua. Ukiniletea jiwe lililotoka shimo lenye magogo, nami nikaweza kumpigia simu aliyelichimba, nitalichukua. Bila hayo, hapana."

Munene alimaliza chai na kuondoka. Lakini mafundi wa Kariokor walikuwa wameshapata habari kwa Bi Sundus. Wa Kayole pia. Kila mlango aliobisha, Munene alikutana na maswali yaleyale.

Siku ya harusi watu walimzunguka Nzisa. Walimuuliza kuhusu mabawa, na walimuuliza kuhusu jiwe. Aliwajibu wote. Mama yake, aliyemcheka kumbikumbi, alisimama kando akisimulia habari za kiazi cha tatu kana kwamba alikuwepo. Kabla ya keki kukatwa, wanawake watatu walikuwa wamechukua namba ya Mbinya.

Baada ya miezi kadhaa, Kavutha alipiga simu. Alisema Munene alifika pale kwenye meza, akaona mzani, akaondoka bila kununua. Mwezi uliofuata alirudi, akapanga foleni kama wengine. Nzivo naye alikuwa amevaa kofia ya njano. Lile tundu la ubavuni walikuwa wamelifukia pamoja, yeye akiwa wa kwanza kumwaga udongo.

"Na kikohozi chake?" Mbinya aliuliza.

"Tumempeleka kliniki. Wanamfuatilia. Chini sasa tunamwagia maji kabla ya kutoboa mwamba."

*

Mwezi wa nane Kavutha alikuja Nairobi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alikuja kwa mkutano wa wachimbaji wadogo. Mbinya alimkaribisha Jericho. Bi Sundus alileta mahamri. Waliongea, wakacheka, wakanywa chai.

Kisha Mbinya alimletea kisanduku. Ndani kulikuwa na vipuli viwili vya mabawa, vyenye mawe yaliyotoka kwenye shimo la Kavutha.

Kavutha alivitazama, akamtazama Mbinya.

"Haya ni yetu?"

"Ni yenu. Hujawahi kuyaona yakiwa yamekatwa?"

"Sijawahi," Kavutha alisema. "Huwa nayaweka kwenye kopo. Nayapima, nayatoa. Hayarudi."

Mbinya alimvalisha vipuli. Bi Sundus aliinua kioo cha kujitazama, lakini Kavutha hakukitazama. Jua la jioni lilikuwa linaingia dirishani. Aliposogeza kichwa, vitone vya kijani vilitokea ukutani. Alipogeuka, vilikimbia juu ya kabati, juu ya pazia, juu ya mikono ya Muthama.

Kavutha aliinua kidole, akakifuata kimoja polepole hadi kilipotulia.

"Kumbe," alisema. "Kumbe hili ndilo nililokuwa nimebeba."

Alikaa hivyo mpaka jua lilipoondoka dirishani, na hakuna aliyewasha taa.